Kuchonga bamba la Inconel kwa kemikali: mwongozo kamili, kuanzia mchoro hadi taka

Mkabidhi fundi aliyezoea shaba na chuma cha pua bamba la Inconel 718, aloi ya nikeli ya kuhimili joto kali, lenye unene wa milimita 0.2, ataliona la kawaida tu. Linang'aa, linapindika mkononi, halina uzito wa ajabu. Shida huanza panchi inapoligusa. Aloi hii hukomaa kadiri inavyopigwa: pigo la kwanza hulifanya gumu eneo lile, pigo la pili hukuta ugumu mpya, na baada ya muda mfupi panchi imekuwa butu na kingo za matundu zimeota vimeno. Leza hutoboa vizuri zaidi, lakini huacha ukingoni utando wa metali iliyoyeyuka na kuganda upya. Kwenye kipuri kinachopata moto na kupoa mara maelfu, nyufa hupenda kuanzia kwenye utando huo.

Kemikali haipigi wala haichomi. Unalivika bamba filamu ya kinga, unaacha wazi sehemu unazotaka ziondoke, kisha dawa inazila taratibu kutoka pande zote mbili mpaka ikutane katikati. Vimeno havitokei, metali haikomai, na kutoboa vitundu elfu kumi huchukua muda uleule wa kutoboa kumi. Ndiyo maana vichujio vya mafuta, shimu (vibati vya kujazia nafasi), vibati vya chemchemi na vipuri vingine vyembamba vya mitambo ya joto kali hutengenezwa kwa njia hii.

Katika mwongozo huu nitafuata kipuri kimoja: kichujio cha 718, unene milimita 0.2, chenye vitundu vya kipenyo cha milimita 0.40. Kuna jambo moja nitalirudia. Usiazime jedwali la mtu mwingine. Kasi ya dawa juu ya bamba lako utaijua kwa kupima kipande cha bamba hilohilo, katika tanki hilohilo, siku hiyohiyo.

Lijue bamba kabla ya kuligusa

Inconel 718 ina nikeli asilimia 50 hadi 55, kromi 17 hadi 21, niobi karibu 5, molibdeni karibu 3, titani na alumini kidogo, na kinachobaki kwa sehemu kubwa ni chuma. Ilibuniwa na Herbert Eiselstein huko Huntington, West Virginia, na hataza yake ya Marekani ilitolewa mwaka 1962. Historia yake inapita hata kwenye ardhi inayozungumza Kiswahili. Mei 1978, vita vya jimbo la Shaba (leo Katanga, Kongo) vilipofika mji wa Kolwezi, bei ya kobalti ilipaa duniani kote, na watengenezaji wa injini za ndege wakaanza kuzikimbia aloi zenye kobalti nyingi. Inconel 718, ambayo haitegemei kobalti, ikazidi kushika nafasi. Nikeli yenyewe imelala pia Kabanga kule Ngara, na Musongati nchini Burundi.

Turudi karakanani. Kila kiungo cha aloi hii kina tabia yake ndani ya dawa. Nikeli na chuma huyeyuka bila ubishi. Kromi hujivika ngozi nyembamba ya oksidi, na ngozi hiyo huchelewesha dawa kuanza kazi. Niobi ndiyo yenye ukaidi: sehemu yake imeungana na kaboni kuwa chembe ngumu ambazo feriki kloridi, dawa tutakayoitumia, haiziyeyushi. Metali inayozizunguka ikiliwa, chembe hubaki juu kama masizi ya kijivu na kuizuia dawa isifike chini. Kwa hiyo aloi hii huhitaji dawa inyunyiziwe kwa nguvu. Kuzamisha bamba kwenye beseni lililotulia na kusubiri kutakupa uso wenye mabakamabaka.

Unaponunua, omba cheti cha bamba na usome hali yake. Chagua lililolainishwa kwa joto, ambalo bado halijakomazwa kwenye tanuri. Ukomazaji wa kawaida wa 718 ni karibu nyuzi 720 za Selsiasi kwa saa 8, kisha 620, na ufanyike baada ya kuchonga. Chagua pia bamba lenye punje (fuwele za metali) ndogo, kwa sababu ukingo hauwezi kuwa laini kuliko punje za metali yenyewe. Bamba likiwa na mkazo wa ndani litajikunja mara tu sehemu yake inapoondoka. Kata kipande chembamba kwa mkasi wa bati ukiweke juu ya kioo. Kikijipinda kabla hujafanya lolote, rudisha bamba hilo.

Tanki, hewa na mwili wako

Feriki kloridi hula karibu kila chuma cha karakana, chuma cha pua kikiwemo. Tanki, mabomba na pampu viwe vya PVC au polipropilini. Hita na koili ya kupozea ziwe za titani. Skrubu moja ya chuma cha pua ikisahaulika ndani ya mashine, itayeyuka na kuingia kwenye dawa yako.

Vaa glavu ndefu za nitrili au neoprini, miwani iliyoziba pande zote, ngao ya uso na aproni ya plastiki. Feni ivute hewa kutoka juu ya tanki na kuipeleka nje kupitia kichujio cha maji. Bomba la kuoshea macho liwe hatua chache kutoka ulipo, na ulifungue kila asubuhi kuhakikisha maji yanatoka. Chumvi za nikeli huwasha ngozi, na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeiweka michanganyiko ya nikeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Usile, usinywe chai, wala usivute sigara ndani ya chumba hicho.

Kwa aloi zenye niobi na titani, viwanda vingine huongeza asidi nitriki au asidi haidrofloriki. Mwongozo huu hauzitumii, na nakusihi usizijaribu. Nitriki ikikutana na haidrokloriki na metali hutoa gesi ya rangi ya kahawia inayoharibu mapafu saa kadhaa baada ya mtu kudhani amepona. Haidrofloriki hupenya ngozi bila maumivu makali mwanzoni, ikafuata kalisi ya mwilini, na doa dogo linaweza kuua. Feriki kloridi ni ya polepole zaidi, lakini inatosha kwa kazi yetu.

Mchoro: hesabu ya kula pembeni

Dawa haishuki wima. Inapokula kwenda chini hula pia kwenda pembeni, chini ya filamu. Ukichora tundu la 0.40 kwenye negativu (karatasi angavu yenye mchoro wa kipuri) utapata kubwa kuliko 0.40. Gawanya kina kilicholiwa kwa kiasi kilicholiwa pembeni, utapata namba ambayo mafundi wa kazi hii wanaitegemea kuliko zote. Tuseme kipande chako cha majaribio kimetoa 1.5. Bamba la 0.2 linaliwa pande mbili, kwa hiyo kina cha kila upande ni milimita 0.1, na pembeni ni 0.1 ÷ 1.5, yaani 0.067. Pembeni ni kushoto na kulia, kwa hiyo tundu hukua 0.133. Chora duara la 0.27 ili upate 0.40. Kwa vipimo vya nje hesabu hugeuka: kipuri cha upana wa 20.00 kichorwe 20.13.

Kuna mipaka ambayo hesabu haiwezi kuivuka. Tundu lisiwe dogo kuliko unene wa bamba. Lipe angalau mara 1.1 au 1.2 ya unene. Kona ya ndani itatoka na mviringo unaokaribia unene wa bamba, hata ukiichora kali namna gani. Tofauti inayoruhusiwa, kwa kazi ya kawaida, ihesabu kama asilimia 10 ya unene kwenda juu na chini: kwa bamba letu ni milimita 0.02. Mteja akitaka 0.005 mwambie ukweli mapema.

Chora pia vishikio, vijidaraja vyembamba vinavyoshikilia kila kipuri kwenye fremu ya bamba. Bila hivyo vichujio vilivyokamilika vitaanguka ndani ya tanki na kuendelea kuliwa. Negativu za juu na chini zilingane kabisa. Zishone pamoja kwa pini za kulenga na ukague kwa lenzi. Zikipishana kwa milimita 0.03, kila tundu litatoka mshazari.

Kuosha bamba

Osha kwa sabuni ya alkali yenye moto, sugua pande zote mbili kwa unga wa pamisi na brashi laini, suuza, kisha tumbukiza dakika moja au mbili kwenye asidi haidrokloriki ya asilimia 10 ili kuidhoofisha ngozi ya kromi. Ukichanganya asidi, tia asidi kwenye maji; usifanye kinyume chake. Suuza tena na uliinue bamba likiwa wima. Maji yakitanda kama shuka moja kwa nusu dakika, bamba ni safi. Yakijikusanya matone matone kama kwenye jani la mgomba, kuna mafuta, rudia. Tangu hapo lishike kwenye kingo tu, kwa glavu safi. Alama ya kidole inatosha kuibandua filamu nusu saa baadaye, katikati ya dawa.

Filamu, mwanga, na kusafisha picha

Kazi hii ifanyike chini ya taa za manjano. Pasha bamba hadi likauke kabisa, kisha bandika filamu kavu ya kinga, unene wa maikroni 30 hadi 50, pande zote mbili, kwa roli zenye joto la nyuzi 105 hadi 115. Pitisha polepole. Kiputo kimoja cha hewa ni tundu moja la ziada kwenye kipuri. Liache lipoe kabla ya kuliweka katikati ya negativu.

Limulike kwa taa ya miale ya urujuanimno, zima taa, kisha subiri robo saa kabla ya kuosha, ili filamu imalize kukaza. Muda wa mwanga usiukisie. Tumia ukanda wa kupimia wenye ngazi 21 za weusi. Kwa filamu nyingi ngazi ya 7 hadi 9 ndiyo ya mwisho inayopaswa kubaki imeshika. Lakini fuata karatasi ya mtengenezaji wa filamu yako.

Waliowahi kufanya kazi studio enzi za filamu wataielewa hatua inayofuata, maana tulikuwa tukisema kusafisha picha. Hapa dawa ya kusafishia ni sodiamu kaboneti ya asilimia 1 kwenye maji ya nyuzi 30, yaani gramu 10 kwa lita. Ni nduguye magadi tunayoyajua kutoka Ziwa Magadi, lakini usitumie mabonge ya sokoni. Magadi ghafi yana chumvi, floridi na udongo. Nunua unga uliosafishwa. Nyunyiza mpaka sehemu zisizopigwa na mwanga zitoke, na lenga ziwe zimeanza kuonyesha metali katikati ya muda mzima wa kunyunyiza. Suuza, kausha, kagua kila tundu kwa lenzi. Utando mwembamba wa filamu uliobaki kwenye tundu hauonekani kwa macho, lakini dawa itaukuta, na tundu hilo litachelewa au lisifunguke kabisa.

Kipande cha majaribio

Hapa ndipo wengi huruka, halafu bamba la bei ghali huharibika. Kata kipande cha sentimita 5 kwa 5 kutoka bamba lilelile. Kiache bila filamu. Kipime kwenye mizani yenye usahihi wa sehemu ya mia ya gramu, kiingize kwenye mnyunyizo kwa dakika 2 kamili, suuza, kausha, pima tena.

Mfano wa hesabu: kipande kimepungua gramu 0.82. Densiti ya 718 ni gramu 8.19 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo kimepoteza sentimita za ujazo 0.1. Eneo la pande mbili ni sentimita za mraba 50. Gawanya: sentimita 0.002, yaani milimita 0.02 kila upande ndani ya dakika 2, sawa na 0.01 kwa dakika. Bamba letu linahitaji 0.1 kila upande. Litatoboka karibu dakika ya 10.

Kutoboka bado hakujamaliza kazi. Dawa inapokutana katikati huacha ukingo uliochongoka kama makali ya panga, na unahitaji muda zaidi ili ukingo unyooke. Kiasi cha muda huo utakijua kwa kipande cha pili, hiki kikiwa na filamu na mistari ya 0.20, 0.27, 0.35 na 0.50. Kitoe, pima upana wa mistari kwa hadubini, rekebisha namba ya kula pembeni kwenye mchoro wako, na ikibidi chapisha negativu mpya. Najua inauma kutupa negativu ambayo haijatumika. Lakini bamba linauma zaidi.

Andika kila kitu daftarini: namba ya cheti cha bamba, joto, uzito wa dawa, presha, muda, matokeo. Bamba la kundi jingine, hata liwe na jina lilelile 718, hupata kipande chake lenyewe.

Dawa na kuliwa kwa bamba

Nunua feriki kloridi ya majimaji yenye digrii 42 za Baumé, yaani densiti karibu 1.41, ambayo ina takriban asilimia 40 ya chumvi hiyo kwa uzito. Ile kavu isiyo na maji nakushauri uiache. Ikikutana na maji huchemka ghafla na kutoa mvuke wa asidi. Ongeza asidi haidrokloriki kidogo, asilimia 1 hadi 2, ili chuma kisigeuke tope la rangi ya kutu. Pasha hadi nyuzi 50 hadi 55. Kila nyuzi moja inayopotea hupunguza kasi, kwa hiyo kidhibiti joto kisiwe cha kubahatisha.

Mnyunyizo uwe wa pande zote mbili kwa presha ya takriban baa 2, nozeli zikiyumba ili masizi ya niobi yasombwe. Bamba lisogee. Nusu ya muda ikipita, ligeuze juu chini na mbele nyuma, kwa sababu dawa hukaa kidogo kama dimbwi upande wa juu na kuteleza haraka upande wa chini. Ukilitoa kulikagua, lisuuze na ulirudishe haraka. Likikaa nje likakauka, ngozi ya kromi hujirudisha na matundu hayataanza tena kwa pamoja.

Dakika 2 kabla ya muda uliouhesabu, anza kutazama dhidi ya taa. Vitundu vya pembeni kwa kawaida hutangulia. Vyote vikishafunguka, ongeza ule muda wa kunyoosha ukingo, kisha toa. Suuza kwanza kwenye asidi haidrokloriki dhaifu, ndipo maji mengi. Ukianza na maji matupu, mabaki ya dawa hugeuka kutu laini inayong'ang'ania ndani ya vitundu.

Kuvua filamu, masizi, kupima

Kostiki (sodiamu haidroksaidi) ya asilimia 3 hadi 5, nyuzi 50, huivua filamu kwa vipande. Ichuje isizibe pampu. Masizi ya kijivu yaliyobaki yatoe kwa beseni la mawimbi ya sauti na brashi laini, yakiwa bado yamelowa. Usiyafute yakiwa makavu ukayavuta puani. Suuza mwisho kwa maji yasiyo na chumvi. Kloridi ikibaki usoni mwa kipuri kinachoingia kwenye tanuri la kukomazia, itautafuna uso kwenye joto lile.

Pima vitundu kwa hadubini ya kupimia: angalau vitano kila kona na vitano katikati. Vikitofautiana kona na katikati, tatizo ni mnyunyizo. Vikitofautiana huku na huko bila mpango, rudi kwenye usafi na filamu. Kwa kipuri cha injini hiyo haitoshi. Kata kimoja, kisimike kwenye resini, king'arishe, ukitazame kwa ukuzaji wa mara 500. Unatafuta mahali ambapo dawa imepenya kati ya punje na punje na kuacha mifereji. Mfereji huo hauonekani kwa juu, na ndiko ufa utakakoanzia. Ukiuona, kundi zima lisitoke karakanani.

Dawa inapochoka

Lita moja ya dawa mpya, kwa nadharia, inaweza kuyeyusha chini kidogo ya gramu 100 za aloi hii. Kasi huanguka mapema zaidi, kwa hiyo mimi huhesabu gramu 25 kwa lita. Bamba la milimita 300 kwa 200 lenye unene wa 0.2, likiondolewa asilimia 30 ya eneo, hupoteza gramu 29.5. Tanki la lita 20 lina gramu 500 za kutumia, yaani mabamba karibu 17. Namba hizo ziandike ubavuni mwa tanki.

Dawa inaweza kuhuishwa kwa asidi haidrokloriki na haidrojeni peroksaidi, zikiongezwa tone kwa tone huku pampu ikizungusha. Ukiharakisha, gesi ya klorini hutoka. Ukiinusa, simamisha na utoke nje. Kuhuisha hurudisha chuma tu. Nikeli na kromi hubaki ndani na kuongezeka kila mzunguko, mpaka siku ambayo kipande cha majaribio kinaonyesha kasi haipandi tena hata baada ya kuhuisha. Siku hiyo dawa imekuwa taka.

Taka

Usiimwage kwenye mtaro, hata ikichanganywa na maji mengi. Na usitie Jik wala dawa nyingine ya kung'arisha nguo ukidhani unaua sumu. Ikikutana na asidi hutoa klorini, na kwenye maji ya alkali inaweza kuigeuza kromi iliyokuwa ya daraja la tatu kuwa ya daraja la sita, ambayo ni hatari zaidi.

Ongeza chokaa iliyokorogwa kwenye maji, kidogo kidogo, maana inapata moto. Chuma na kromi hujitenga kwanza. Kromi hukamilika pH ikiwa 8 hadi 9. Nikeli hungoja mpaka pH ifike karibu 10. Acha usiku kucha. Maji ya juu yapelekwe maabara kupimwa nikeli na kromi kabla ya kuruhusiwa kwenda popote. Tope la chini lichuje na ulitie kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko, uandike nje kwa rangi isiyofutika: nikeli, kromi, tarehe, kilo. Kisha mpigie msafirishaji wa taka hatarishi mwenye leseni ya mamlaka ya mazingira ya nchi yako (NEMA kama uko Kenya au Uganda), na risiti yake uibandike kwenye daftari lilelile la vipande vya majaribio.